Jemedari Hajauma Bado

Kwa heshima na taadhima, umma wote unatangaziwa kwamba kuanzia saa mbili kamili asubuhi, ukali umepigwa marufuku.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Karani Mkuu wa Masijala. Lilibandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa zahanati na, kwa haraka ya kazi, kwenye mgongo wa mlinzi wetu aliyekuwa amesinzia. Alitembea nalo siku mbili. Kwa siku hizo mbili hakuna aliyemfanyia mwenzake ukali mbele yake, tukaliingiza jambo hilo kwenye ripoti kama mafanikio ya awali.

Ukali uliokusudiwa ulikuwa wa mbwa wa ulinzi, zile mbegu kubwa zenye kichwa kama ndoo na sifa inayowatangulia barabarani. Idara yetu ya kuuzuia ilianzishwa kufuatia tukio zito. Mkurugenzi wetu, kabla hajawa Mkurugenzi, alibwekewa mbele ya wakwe zake. Hakuumwa. Alibwekewa tu, mara moja, na mbwa aliyekuwa ndani ya geti lililofungwa. Lakini aliruka akatua juu ya kiti cha mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amekikalia. Watu wenye uchungu wa nchi huanzia mahali kama hapo.

Kanuni nilizitunga mimi, naye akazisahihisha. Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno "mbwa" mara kumi na tisa kwenye ukurasa mmoja.

"Karani," aliniambia, kidole juu ya karatasi, "huu ni waraka wenye nembo. Mbwa, mbwa, mbwa! Waziri atadhani tunamtukana. Toa yote."

"Yote, Mkurugenzi?"

"Yote. Kila mtu anajua tunamzungumzia nani."

Nikatoa yote. Kanuni ya Pili ikabaki safi kabisa: "Yeyote mwenye uzito wa kilo arobaini na zaidi, na mwenye sifa ya ukali, atahesabiwa kuwa mkali hadi apimwe." Kanuni ya Tatu: "Atakayeuma atawekwa bandani siku kumi kwa uangalizi, kisha Mkurugenzi ataamua kati ya sindano ya mwisho na kifunga mdomo cha maisha." Mkurugenzi alikuwa ameshasema hadharani kwamba kifunga mdomo tumekiandika kwa ajili ya sura tu. Yeye ni mtu wa sindano.

Kisha ilikuja Fomu Namba Saba, kazi ninayojivunia kuliko hata ndoa yangu. Jina la aliyeuma. Uzito. Makazi. Sehemu iliyoumwa: mguu, mkono, kwingineko (taja). Sababu, kama ipo. Wenye wivu wanasema nilisahau kuweka kisanduku cha asiyeuma. Sikusahau. Hakuna aliyeniuliza.

Tulikuwa watumishi kumi na mmoja. Baada ya sensa ya wiki tatu tulibaini kwamba mji mzima ulikuwa na mlengwa mmoja tu wa kilo arobaini na zaidi. Wengine wote walikuwa vimbwa vya kawaida. Kimoja, jina lake Kipisi, kilikuwa cha mlinzi wetu, kilo nne na nusu, na kilikuwa kimeshawauma watumishi saba, wawili kati yao mara mbili. Lakini kwa uzito ule Kipisi kilikuwa nje ya mamlaka yetu. Tulikuwa tunaumwa, tunafunga kidonda, tunaendelea na vita dhidi ya ukali.

Mlengwa wetu aliitwa Jemedari. Kilo sitini na nane, rangi ya majivu, masikio yamesimama, mkia kama mpini wa jembe. Sifa zake mtaani zilitosha kujaza jalada. Ilisemekana amewahi kummeza mwizi pamoja na baiskeli, na kwamba akikimbia kengele ya baiskeli inasikika tumboni. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Mwenye mbwa alikuwa Mama Fundi, fundi cherehani, mjane, anayekaa peke yake kwenye chumba cha mbele chenye geti la mabati. Miaka arobaini ya cherehani ilikuwa imemla masikio. Tulipofika, Mkurugenzi, mimi na mtu wetu wa vipimo, mashine ilikuwa inanguruma.

"Hodi!" niliita.

Mashine ikaendelea.

"Hodi hapa!"

Chini ya meza, kwenye lundo la vipande vya vitambaa, kitu nilichodhani ni gunia kikainuka. Kikatutazama, kikapiga miayo. Mkurugenzi akasogea nyuma yangu kwa sababu za kiutawala. Jemedari hakubweka. Alizunguka meza taratibu, akalaza kichwa chake juu ya mguu wa Mama Fundi, ule unaokanyaga pedeli. Mashine ikakatika.

"Karibuni," Mama Fundi akasema kabla hata hajageuka. Akageuka, akanipima kwa macho. "Ahaa, ni wewe, mwanangu. Umeongezeka inchi mbili."

"Shikamoo, mama. Tumekuja kikazi."

"Marahaba. Kazi ndiyo iliyokuongeza?"

Mkurugenzi akakohoa kutoka nyuma yangu. "Mama, mnyama huyu ana sifa mbaya!"

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima!"

"Mtaa huo huo unasema wewe umesoma, baba."

Nilishusha macho nikaandika kitu kwenye karatasi, nisije nikaonekana ninacheka nikiwa kazini. Mkurugenzi akasoma Kanuni ya Pili na ya Tatu kwa sauti ya kwaya nzima. Alipofika kwenye sindano, Mama Fundi aliacha mkono wake juu ya kichwa cha mbwa na haukusogea tena.

"Na asipouma?" akauliza.

Mkurugenzi akanitazama. Nikaitazama fomu. Fomu haikuwa na la kusema.

"Asipouma," nikasema, "atabaki ofisini mpaka aume. Ndiyo haki yenyewe."

"Sasa nani ataniambia kuna mtu mlangoni? Huyu ndiye masikio yangu."

"Weka kengele, mama," akasema Mkurugenzi.

"Kengele ninayo, baba. Ndiyo hiyo nisiyoisikia."

Tulimchukua. Au niseme ukweli, tulisimama tumeshika kamba na hakuna aliyesogea, mpaka Mama Fundi alipotwaa futi yake ya kupimia akaitundika shingoni, akafunga geti, akatangulia yeye. Jemedari akamfuata, na sisi tukafuata kamba.

Vipimo vilianza siku iliyofuata kwenye uwanja wa nyuma, kati ya banda na tangi la maji. Mtu wetu wa vipimo, cheo chake kamili Mchokozi wa Idara, alikuwa refa zamani. Alikuwa ametukanwa na viwanja vizima, amerushiwa chupa, amekimbizwa mpaka kwao. Mtu mpole sana. Alisema kazi ya kuchokoza aliiomba ili naye aonje upande wa pili.

Hatua zilikuwa kumi. Alitikisa geti, Jemedari akatikisa mkia. Alimkazia macho; Jemedari akaangalia pembeni kwa adabu. Hatua ya nne ilikuwa kuondoa sahani mbele ya mlengwa anapokula. Mchokozi alipoivuta sahani, Jemedari akaisukuma kwa pua, imfikie vizuri. Hatua ya saba, kukanyaga mkia kwa kiasi, alilia kidogo, kisha akamlamba Mchokozi kiatu kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Hatua ya tisa ilikuwa kumsema mama yake.

"Mama yako," akasema Mchokozi, akatafuta maneno, akanigeukia. "Karani, mimi mama yake simjui."

"Sema chochote kibaya."

"Mama yako... alikuwa mfupi."

Jemedari akalala.

Nilikaa mbele ya Fomu Namba Saba kutwa nzima. Siwezi kufunga jalada bila fomu, na fomu haifungwi bila aliyeuma. Nikaandika pembeni kwa penseli: "Hajauma bado." Nikagonga muhuri.

Kwa kuwa hakuna kanuni iliyokataza, Mama Fundi alihamishia cherehani kwenye baraza ya ofisi, hatua nne kutoka bandani. Alikuwa amejaribu kushonea kwake siku mbili. "Wateja wanabisha hodi, wanaondoka wakidhani nimekufa," alinieleza. "Mmoja kaenda kumwambia dada yangu. Dada yangu kaja na kanga nyeusi, kanikuta nashona suruali yako."

Kuanzia hapo ofisi ikaanza kuharibika. Jemedari hakuzoea kuona mtu amesimama mlangoni bila kusikilizwa. Banda lilikuwa halina komeo, kwa kuwa komeo lilikuwa bado kwenye maombi, kwa hiyo kila mwananchi alipofika dirisha la masijala, mbwa alitoka, akapita chini ya meza, akaweka kilo zake zote za kichwa juu ya mguu wangu. Usingizi unakatika. Unainua macho, kuna mtu. Ukishamwona huwezi tena kusema hukumwona. Nikawa nahudumia watu mpaka ishirini kwa siku, mimi ambaye rekodi yangu ilikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Foleni ikaisha. Watu wakaanza kutusalimia barabarani. Nilimwandikia Mkurugenzi dokezo la siri kuhusu hali hiyo.

Hakulisoma. Alikuwa na barua nyingine mkononi. Waziri angekuja Ijumaa kujionea mkali wa kwanza kukamatwa. Iwapo hakuna ukali wowote utakaothibitishwa, Idara itavunjwa, na Mkurugenzi atapangiwa kazi kwenye Kitengo cha Mitaro.

"Mitaro, Karani! Mimi!" Alikuwa amekumbatia muhuri wake, ule mkubwa wa mpini wa mbao, aliokuwa akienda nao hata msalani. "Sikiliza. Jemedari aume kabla ya Ijumaa. Akiuma, siku kumi za uangalizi tunaziruka, Ijumaa hiyo hiyo anachomwa sindano mbele ya Waziri. Daktari wa mifugo nimeshamwita. Hii ni amri."

Niliichapa amri kwa nakala tatu nikampelekea mhusika bandani. Aliinusa, akailalia. Nikaandika: "Amepokea."

Mama Fundi alinitazama nikitoka. Alikuwa ameweka miwani juu ya paji la uso, uzi mdomoni.

"Mwanangu, unampelekea mbwa barua?"

"Ni utaratibu, mama."

"Imesemaje?"

Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, nikitumaini hatasikia. Alikuwa akinisoma midomo. Alikata uzi kwa meno, akashuka barazani, akaingia bandani, akakaa chini kwenye majani makavu pamoja na yule mnyama, na sketi ya mteja bado iko mapajani mwake. Mimi nikarudi masijala. Nilikuwa na kazi nyingi ya kupanga kalamu.

Ijumaa saa nne Waziri alifika, mama mfupi mwenye miwani minene na sauti iliyozoea vipaza sauti. Kipisi kilimuuma dereva wake getini. Tulimweleza Waziri kwamba hilo liko nje ya mamlaka yetu, akakubali, akapewa kiti. Daktari wa mifugo alisimama kando ya tangi na mkoba wake. Mama Fundi alisimama kando ya banda, futi shingoni, mkono kwenye ukosi wa mbwa.

Mchokozi alipitia hatua zote kumi kwa uaminifu. Alitikisa, alikodoa, aliondoa sahani, alikanyaga. Alimsema mama yake kwa maneno aliyoyaandaa usiku kucha na yaliyomfanya Waziri avue miwani. Hatua ya kumi, kumnyang'anya akipendacho, alimvuta Mama Fundi pembeni kwa mkono, taratibu, huku akimwomba samahani. Jemedari akawafuata nyuma wote wawili, akaketi, akampa Mchokozi mguu wa mbele.

"Ameniamkia," Mchokozi akasema, macho yamemjaa machozi. "Miaka kumi na minne ya urefa, hakuna aliyewahi kunipa mkono."

"Mkali wenyewe ndiye huyu?" Waziri akauliza.

"Anajizuia, Mheshimiwa!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Ni mjanja! Sifa zake zipo kwenye jalada! Kuna baiskeli tumboni!"

"Daktari?"

Daktari akaweka sikio kwenye ubavu wa mbwa. "Hakuna baiskeli, Mheshimiwa."

Waziri akasimama, akakung'uta sketi. "Basi kazi imekwisha. Ukali haupo, mmeushinda, hongereni. Idara imevunjwa. Mkurugenzi, kabidhi muhuri."

Mkurugenzi aliurudisha muhuri kifuani.

"Kabidhi muhuri, Mkurugenzi."

"Ni wangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Wewe," Waziri akamwambia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Mchokozi, "mchukulie huo muhuri."

Mchokozi ni mtu wa taratibu. Alimkaribia kwa ubavu, mkono umenyooka, kiganja wazi, kama tulivyoandika kwenye mwongozo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo, na ninaapa kwamba kitu cha kwanza kilikuwa mngurumo. Ulitoka chini kabisa kooni. Nilimtazama Jemedari, Jemedari alikuwa anamtazama Mkurugenzi. Midomo ikavutika nyuma, meno yakaonekana, yote pamoja na moja la dhahabu, na vidole vya Mchokozi vilipogusa mpini, Mkurugenzi akauma.

Aliuma vizuri. Hakuachia mpaka Waziri alipommwagia maji ya kunywa.

Jemedari alikuwa ameshajificha nyuma ya sketi ya Mama Fundi, anatetemeka kilo zote sitini na nane.

Watu walianza kusema wote kwa pamoja. Mkononi nilikuwa na Fomu Namba Saba, na kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwa Idara nilikuwa na mtu wa kumwandika. Jina la aliyeuma: nikaandika. Makazi: ofisi ya kona. Sehemu iliyoumwa: mkono. Sababu, kama ipo: nikaacha wazi.

"Uzito, Mkurugenzi?" nikauliza kwa heshima.

"Karani, una wazimu? Mimi ni mtu!"

"Themanini na tisa," akasema Mama Fundi. "Mwaka jana nilipomshonea koti alikuwa sabini na nane."

"Fomu hiyo ni ya mbwa!"

Waziri akanyoosha mkono. Nikampa kanuni, nakala safi, yenye nembo. Alizisoma kutoka juu mpaka chini, akageuza, akasoma tena.

"Mbwa wametajwa wapi?"

"Hawajatajwa, Mheshimiwa," nikasema. "Mkurugenzi aliagiza watolewe wote."

"Na sifa ya ukali?"

Watumishi kumi tulitazama chini, kila mmoja viatu vyake. Waziri akasema ushahidi unatosha.

Aliahirisha kuivunja Idara, kwa kuwa sasa ilikuwa na mafanikio. Mchokozi akatia saini kwa mkono wa kushoto. Mimi nikagonga muhuri wa Mkurugenzi, uliokuwa bado na mate, nikafunga jalada. Kuhusu Jemedari niliandika kwamba hakuna fomu inayomhusu, kwa hiyo hayupo, kwa hiyo aende nyumbani.

Siku kumi za uangalizi zilipita kwa utulivu, isipokuwa wakati wa chakula, ambapo tuliagizwa kusukuma sahani kwa fimbo ndefu. Komeo la banda lilifika siku ya pili. Mkurugenzi alikuwa ameliidhinisha mwenyewe, kabla hajaingia humo. Siku ya kumi, kwa mujibu wa Kanuni ya Tatu, Mkurugenzi alitakiwa kuamua kati ya sindano ya mwisho na kifunga mdomo cha maisha. Nilimpitishia jalada kati ya nondo za banda. Uamuzi ambao kwa kawaida ungekaa kwake miezi mitano, safari hii ulirudi kabla sijafunika kalamu.

Kwa hiyo tulimwita fundi wa kushona kifunga mdomo. Alikuja mchana, miwani juu ya paji la uso, Jemedari pembeni yake bila kamba. Mkurugenzi alipomwona mbwa alirudi nyuma mpaka ukutani, akaanza tena ule mngurumo wake wa chini. Jemedari akaingia, akamnusa magoti, akakunja miguu na kulaza kichwa juu ya kiatu chake.

Mngurumo ukakatika, kama mashine.

"Anakwambia kuna mtu mlangoni," Mama Fundi akamweleza, akivua futi shingoni. "Ni mimi tu. Inamisha kichwa kidogo, baba, nisije nikakubana. Na ukae kimya, kidevu kinaninyima kipimo."